Dripu kwenye upasuaji wa kifua: mwongozo kamili, kuanzia usiku wa kufunga hadi asubuhi ya pili

Mgonjwa akishalazwa ubavu, pafu la upande wa juu likanywea na mbavu zikapanuliwa, presha hushuka. Ni jambo la karibu kila siku. Na mkono wa mtu wa usingizi, kwa mazoea tu, unakwenda kwenye gurudumu la dripu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkono huo: wa daktari au muuguzi wa usingizi, na wa wenzetu wa wodi watakaompokea mgonjwa baadaye. Kwenye upasuaji wa tumbo, lita moja ya ziada huvimbisha utumbo kidogo, na baada ya siku chache mgonjwa anaikojoa. Kwenye upasuaji wa kifua, lita hiyohiyo huishia mapafuni.

Kwanza tuelewane kwa nini. Tunapopumulisha pafu moja, pafu hilo hupokea sehemu kubwa ya damu yote inayosukumwa na moyo, na mishipa yake hubanwa na shinikizo la mashine. Pafu la pili linashikwa, linakunjwa, linanywea, kisha linajazwa tena hewa. Mishipa yake midogo inaanza kuvuja. Ndani ya mishipa hiyo kuna utando mwororo wa sukari na protini uitwao glaikokaliksi, unaozuia maji yasipenye ovyo. Upasuaji wenyewe huuchubua, na dripu ya kumwaga huuchubua zaidi. Juu ya hayo, kwenye saratani tunakata tezi na njia za limfu, yaani mifereji ileile ambayo ingeyaondoa maji yaliyovuja.

Pafu zima likiondolewa, damu yote inapita kwenye lile lililobaki. Pafu la kulia hubeba zaidi ya nusu ya damu, kama asilimia 55, ndiyo maana kuondoa la kulia kunaogopwa kuliko la kushoto. Mwaka 1984 Zeldin na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa waliojaa maji mapafuni baada ya kuondolewa pafu, wakanyooshea kidole upande wa kulia na wingi wa dripu. Mwaka 2003 timu ya Licker ikaongeza washitakiwa wengine: shinikizo kubwa la mashine ya kupumulia na unywaji wa pombe kupindukia kabla ya upasuaji. Kwa hiyo dripu haiko peke yake kizimbani. Ila yeye na mashine ndio tulio nao mikononi, pombe ilishanyweka.

Hatua ya kwanza: mgonjwa asifike akiwa mkavu

Bajeti ndogo ya dripu inafanya kazi kwa mtu aliyeingia akiwa na maji ya kutosha. Akiwa amefunga tangu saa mbili usiku na akaingia saa sita mchana, umeshaharibu hesabu kabla hujaanza. Chakula cha kutafuna kikome muda wa saa sita kabla ya usingizi, lakini maji matupu na vinywaji visivyo na maziwa wala nyama za matunda aruhusiwe hadi saa mbili kabla. Ratiba ikisogea, mtu aende wodini amwambie anywe. Isibaki karatasi iliyobandikwa kitandani inayosema “asile asinywe” bila saa.

Wako watakaofika wakavu hata mkifanya yote sawasawa. Mwenye uvimbe wa koo la chakula asiyemeza vizuri kwa wiki kadhaa. Mwenye usaha kifuani na homa za kila jioni. Mwenye kunywa dawa za kupunguza maji mwilini. Hawa wapime kreatinini (kipimo cha figo) na chumvi za damu, angalia ulimi na mapigo ya moyo, na upungufu urekebishwe wodini siku moja kabla, taratibu. Usiusubiri ukutane nao kwenye meza ya upasuaji. Dawa za presha za aina ya enalaprili na losatani, wengi husimamisha siku moja kabla, maana mgonjwa aliyezimeza asubuhi humsumbua mtu wa usingizi kwa presha isiyopanda.

Hatua ya pili: piga bajeti kabla ya kuchoma kanula

Kwenye karatasi ya usingizi, pembeni, andika namba mbili.

Ya kwanza ni dripu ya kawaida: 1 hadi 2 ml kwa kilo kwa saa. Ya pili ni salio la juu kabisa la saa 24: 20 ml kwa kilo, au kama lita moja na nusu kwa mtu mzima wa wastani. Salio ni yaliyoingia toa yaliyotoka. Mgonjwa wa kilo 60 ana bajeti ya 60 hadi 120 ml kwa saa, na salio lisilozidi 1,200 ml hadi kesho saa kama hii.

Walimu wetu walifundishwa kuongezea maji ya “nafasi ya tatu”. Fikra hiyo ilitoka kwa Tom Shires na wenzake mwaka 1961, kwamba jeraha la upasuaji humeza maji mahali pasipoonekana, na watu wakawa wanamwaga hata 10 ml kwa kilo kwa saa ili kuyafidia. Kwa kifua, futa mstari huo. Hakuna kufidia nafasi ya tatu, na mvuke unaotoka kwenye kifua kilichofunguliwa ni mdogo kuliko tulivyoambiwa.

Lakini usiende upande wa pili ukamkausha mtu. Mwaka 2018 utafiti mkubwa uitwao RELIEF, wa wagonjwa wapatao 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, ulionyesha kwamba waliobaniwa dripu waliumia figo zaidi: asilimia 8.6 dhidi ya 5.0 ya waliopewa kwa wingi. Tumbo si kifua, hilo nalijua, ila figo ni zilezile. Tunachotafuta ni mgonjwa aliyetosheka.

Hatua ya tatu: mishipa, mirija, na kiwiko kilichokunjwa

Weka kanula mbili nene, namba 16 au 14. Inaonekana kama kinyume cha ninachohubiri, sivyo? Bajeti ni ndogo, lakini mshipa mkubwa wa pafu ukichanika utahitaji kumwaga damu kwa dakika, na wakati huo mikono yote ya mgonjwa iko chini ya mashuka. Njia pana, mwendo mdogo.

Mrija wa ateri ni muhimu kwa upasuaji wowote wa kuondoa sehemu ya pafu. Mrija wa mshipa mkuu wa shingo si wa lazima kwa kila mtu. Ukiuweka, uweke upande unaopasuliwa, ili ukitoboa pafu kwa bahati mbaya liwe lile ambalo tayari litafunguliwa. Na namba unayoisoma hapo, mgonjwa akiwa ubavu na kifua wazi, haikuambii kama anahitaji maji. Mrija huo una faida kwa kupitishia noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa.

Kama kuna pampu ya dripu, itumie. Kama hakuna, tumia burete yenye kipimo, na hesabu matone. Mrija wa kawaida wa matone 20 kwa mililita una hesabu rahisi: gawanya ml za saa kwa tatu, unapata matone ya dakika. 90 ml kwa saa ni matone 30. Mrija wa burete wa matone 60 kwa mililita ni rahisi zaidi: ml za saa ndiyo idadi ya matone ya dakika. Simama na saa mkononi uyahesabu kweli, jicho hudanganya.

Sasa kisa changu. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi hii. Tulimgeuza mgonjwa ubavu, mkono wa juu tukaulaza kwenye kishikio, kiwiko kikakunjika na dripu ikasimama. Nikafungua gurudumu lote, bado matone hayaendi. Nikaacha hivyo, nikaenda kuangalia mpira wa pumzi wa njia mbili, ule unaotenganisha mapafu, kama haujateleza, kwa sababu oksijeni ilikuwa inashuka na hilo lilikuwa kubwa kuliko dripu. Baadaye msaidizi wa upasuaji akaomba mkono usogezwe kidogo. Kiwiko kikanyooka. Nilipogeuka kutazama juu, chupa ya lita nzima ilikuwa imebaki vidole viwili. Mgonjwa alikuwa wa kilo 52. Salio lake la siku nzima lilikuwa limekwisha kwa takriban dakika kumi na tano, na hakuna aliyeamua apewe. Tangu siku hiyo situndiki chupa ya lita kwenye kifua. Natundika ya 500 ml, na nikishamgeuza mgonjwa najaribu kila njia, kisha nalirudisha gurudumu mahali pake hata kama dripu haiendi. Hasa kama haiendi.

Hatua ya nne: kuchagua dripu

Hapa pasikuchukue muda. Ringa lakteti au dripu nyingine yenye chumvi zilizosawazishwa ndiyo ya kwanza. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina kloridi milimoli 154 kwa lita wakati damu ina kama 100. Ukiimwaga kwa wingi damu inakuwa na asidi na figo hazifurahii. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 si ya kufidia chochote, maji yake hayakai kwenye mshipa. Mpe mwenye sukari iliyoshuka tu. Dripu za wanga zilizokuwa zikisifiwa kwamba zinakaa kwenye mishipa ziacheni: tafiti za mwaka 2012 kwa wagonjwa mahututi zilionyesha zinadhuru figo. Albumini, protini ya damu, si mbaya, ila kwa kazi ya kila siku sioni inaongeza nini.

Na kumbuka dripu zilizojificha. Antibiotiki kwenye 100 ml, parasetamoli ya 100 ml, maji ya kusukumia dawa, mrija wa ateri unaosafishwa kidogokidogo. Zijumlishe. Mara nyingi ni robo lita ambayo haionekani kwenye chati yoyote.

Hatua ya tano: presha imeshuka

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, tukae kidogo.

Lengo la kawaida ni wastani wa presha wa 65 au zaidi, na kwa mwenye presha ya siku nyingi usiuache ushuke zaidi ya moja ya tano chini ya ule aliozoea. Ikishuka chini ya hapo, kabla ya kugusa dripu, inua kichwa utazame juu ya pazia. Mkono wa daktari wa upasuaji uko wapi? Anapovuta pafu kufikia mzizi wake, hukandamiza moyo au mishipa mikuu inayorudisha damu, na presha huporomoka papo hapo. Sema kwa sauti: “Daktari, presha imeshuka, legeza kidogo.” Akilegeza na presha ikarudi ndani ya mapigo machache, umepata jibu, na halikuwa maji.

Kama hakuna aliyeshika kitu, tazama mashine. Pumzi zinatoka zote kabla ya nyingine kuingia? Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara hunasa hewa, na hewa hiyo hubana damu isirudi moyoni. Tenganisha mpira na mashine sekunde chache uone kama presha inapanda. Shinikizo limepanda ghafla na oksijeni inashuka? Mpira umeteleza, au pafu la chini limetoboka na hewa imejaa upande huo, jambo ambalo halisubiri. Pumzi yenyewe iwe 4 hadi 6 ml kwa kilo za uzito unaomfaa kwa urefu wake. Uzito wa mizani hautumiki hapo.

Kisha mapigo. Moyo umeanza kwenda ovyo? Ni kawaida wakati wa kugusa utando wa moyo.

Kisha usingizi wenyewe. Dawa ya kuvuta imezidi? Epidurali imewekwa nusu saa iliyopita? Ganzi hiyo hulegeza mishipa, ndoo inapanuka wakati maji ni yaleyale. Tiba ya mshipa uliolegea ni kuukaza: fenilefrini maikrogramu 50 hadi 100, au efedrini miligramu 5 hadi 10 kama mapigo yako chini. Ukijikuta unarudia mara ya tatu, anzisha noradrenalini kwa mwendo mdogo, kama maikrogramu 0.02 hadi 0.1 kwa kilo kwa dakika. Wengine huona aibu kutumia dawa ya kukaza wakati chupa ya dripu imening’inia pale. Mimi naona aibu kinyume chake.

Sasa, yote hayo yakikanushwa, au damu inaonekana kupotea, jaribu maji. Mpe 100 hadi 250 ml kwa dakika chache, ukiwa umeandika presha na mapigo ya kabla. Yakibadilika vizuri, alikuwa anahitaji. Yasipobadilika, usirudie. Vile vipimo vya mashine vinavyotazama mpigo unavyopanda na kushuka kwa pumzi haviaminiki hapa: kifua kiko wazi na pumzi ni ndogo. Kipimo cha mtiririko wa damu kupitia kooni, au picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, husaidia zaidi kama mnacho na kuna anayejua kukisoma.

Hatua ya sita: damu inayopotea

Pima damu, usiikisie. Chupa ya kunyonyea isomwe na maji ya kuoshea kifua yatolewe. Shashi zilizolowa zipimwe kwenye mizani, toa uzito wa shashi kavu. Gramu moja ni mililita moja. Kwenye kifua damu hupenda kukaa nyuma ya pafu, kwenye shimo lisiloonekana, kwa hiyo muulize anayepasua.

Kabla ya upasuaji piga hesabu ya damu anayoweza kupoteza. Mwanamume ana kama 70 ml za damu kwa kilo, mwanamke 65. Mwanamume wa kilo 60 ana 4,200 ml. Himoglobini ikiwa 12 na hutaki ishuke chini ya 8, chukua 4,200, zidisha kwa 4, gawanya kwa 12: 1,400 ml. Chini ya hapo fidia kwa Ringa lakteti, mililita moja hadi moja na nusu kwa kila moja iliyopotea. Ile kanuni ya zamani ya tatu kwa moja itakujaza pafu. Ukikaribia kiwango hicho, au damu inatoka kwa kasi, mpe damu. Kizingiti cha himoglobini ya 7 kinamtosha asiye na shida ya moyo, 8 kwa mwenye nayo. Chupa moja, kisha pima tena.

Na ikiwa mshipa mkubwa umepasuka, sahau bajeti. Mwongozo huu unawekwa pembeni, damu inamwagwa, hesabu itafanywa akishapona.

Hatua ya saba: mkojo usikutishe

Chini ya usingizi mwili hutoa homoni za kubana maji, na mkojo hupungua hata kwa mtu asiye mkavu. Nusu mililita kwa kilo kwa saa inatosha kabisa, na ikishuka kidogo chini ya hapo kwa saa moja au mbili huku presha iko sawa na lakteti ya damu (asidi inayopanda viungo vikikosa oksijeni) haipandi, vumilia. Kumwaga dripu ili tu mfuko wa mkojo ujae ni kosa la zamani. Kabla ya lolote, hakikisha mpira wa mkojo haujakunjwa chini ya paja. Mgonjwa akiwa ubavu hukunjwa mara nyingi.

Wasioingia vizuri kwenye kanuni hii

Upasuaji wa koo la chakula ni mrefu na hupita tumboni pia. Kiungo kipya, pale koo linaposhonwa upya, kinahitaji damu, kwa hiyo ukavu unakiumiza kama unavyokiumiza uvimbe wa maji. Huyu kwa kawaida huhitaji zaidi kidogo, na jaribio la maji unalifanya mara nyingi zaidi. Kumenya utando mnene wa usaha juu ya pafu hutoa damu polepole kutoka kila mahali, na hesabu ya shashi huwa ndiyo kila kitu. Aliyechomwa kisu au kugongwa gari, ambaye bomba la kifua limetoa lita moja na nusu papo hapo, ni mgonjwa wa kupewa damu na kupelekwa kupasuliwa. Watoto wana hesabu yao kabisa, wapewe na aliyezoea watoto.

Hatua ya nane: kukabidhi, na usiku

Nimeona kazi nzuri ya saa nne ikibomolewa na usiku mmoja wa wodini. Chukua mgonjwa wetu wa kilo 60, ameondolewa sehemu ya chini ya pafu la kulia. Dripu ya kawaida 90 ml kila saa, kwa saa nne, ni 360. Majaribio ya maji 250. Dawa na maji ya kusukumia 250. Kufidia damu 300. Jumla iliyoingia 1,160. Iliyotoka: damu 300, mkojo 160, jumla 460. Salio: 700 juu. Amebakiwa na 500 hadi kesho.

Sasa mtu anaandika kwenye chati “Ringa lakteti, 80 kwa saa”, kwa sababu ndivyo inavyoandikwa kila siku. Kwa saa 20 hizo ni 1,600, ongeza dawa 300. Mkojo ukiwa 600 na bomba la kifua likitoa 200, salio linafika 1,800. Amepita kwa 600, hakuna aliyekosea chochote kinachoonekana. Andika 40 kwa saa, na salio linaishia 1,000. Tofauti ni namba moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo unapokabidhi, usiseme tu “dripu inaendelea”. Sema salio limefika ngapi, limebaki ngapi, presha ikishuka waanze na nini na wampigie nani. Epidurali bado inalegeza mishipa usiku huo. Muuguzi asiyeambiwa atafungua dripu, na hatakuwa na kosa. Akiamka vizuri na anameza, mpe maji kwa kikombe jioni ileile, na dripu isimamishwe mara akinywa vya kutosha. Kanula ibaki imefungwa kwa kifuniko.

Maji ya mapafuni huja mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya nne, kwa mtu aliyekuwa anaonekana mzima. Pumzi zinaongezeka kwa dakika, oksijeni inayohitajika inapanda kidogokidogo, na picha ya kifua inaweza kuonyesha ukungu kabla mgonjwa hajalalamika. Usimsubiri alalamike. Simamisha dripu, mpe oksijeni, mpigie daktari, mpe dawa ya kukojoza kama salio liko juu na presha inaruhusu, na wakati huohuo tafuta mengine yanayofanana: nimonia, damu iliyoganda mapafuni, moyo unaokwenda ovyo. Kama ameondolewa pafu zima, mpelekeni chumba cha wagonjwa mahututi mapema; wengi wa wanaofikia hatua mbaya hawarudi.

Asubuhi ya pili, kabla ya chai, mpandishe kwenye mizani ileile aliyopimwa kabla ya upasuaji. Kilo moja juu ni kama lita moja. Linganisha na salio la kwenye chati. Visipolingana, chati ndiyo yenye uongo, na mara nyingi utazikuta zile 100 ml za antibiotiki ambazo hazikuandikwa.